Jiwe la Aliyetoka Kidogo

Mimi kwenye foleni sina mchezo. Nasema mapema ili msomaji ajue anasikiliza mtu wa namna gani. Hadi leo, na magoti yangu haya mabovu, nikiona watu wamesimama mstari, iwe hospitali, iwe posta, hata msibani wanapoaga marehemu, miguu inakwenda yenyewe hadi mwisho wa mstari, ndipo akili inafuata kuuliza kuna nini. Watoto wangu wananicheka. Wacheke tu, wao walizaliwa sukari ikiwa dukani.

Miaka ile ya Ujamaa hapa Morogoro, mtu aliyeona foleni akaanza kuuliza maswali kabla hajasimama, alipopata jibu alikuwa ameshakuwa wa sitini. Kwanza ulishika nafasi. Ukishashika, ndipo ulimuuliza aliye mbele, "Ndugu, wanatoa nini?" Mara nyingi naye alikuwa hajui, amemfuata aliye mbele yake. Niliwahi kusimama saa nne nzima, nikafika dirishani nikauziwa pampu ya baiskeli. Baiskeli sikuwa nayo, lakini niliinunua, na nikaondoka nimefurahi.

Tena kulikuwa na sheria ya jiwe. Hakuna mtu angeweza kusimama kutwa nzima, kuna watoto, kuna chungu jikoni. Basi uliweka jiwe mahali pako, ukamwambia wa nyuma, "Nimetoka kidogo." Kwisha. Foleni ikisogea, wenzako walilisogeza jiwe kwa mguu, na ukirudi unalikuta mahali pako pa haki. Kuruka jiwe la mtu ilikuwa balaa. Nimeona wanaume wazima, wenye wake na wajukuu, wakishikana mashati kwa ajili ya nusu tofali.

Sasa, wakati huo mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na nne, na nilikuwa mtoro. Kwetu ni juu, Mgeta, kwenye mashamba yaliyosimama wima kiasi kwamba ukiangusha kabichi unakwenda kuiomba kwa jirani wa chini. Mama yangu alikuwa mjane na mimi ndiye mwanawe pekee. Nilipofika miaka kumi na tisa nikachumbiwa na kijana mwema, mpole, hana kosa hata moja, na hilo ndilo lililoniudhi. Ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Kila Jumapili padre aliuliza kama kuna mwenye kipingamizi, na kipingamizi kilikuwa kimekaa benchi la pili, kimejifunga kitambaa kichwani, kimenyamaza.

Asubuhi ya harusi, mama akiwa anakoroga sufuria ya tatu ya wali, nilichungulia dirishani nikaona lori la mboga linawasha moto. Sijui nini kilinipata. Niliona maisha yangu yote yamepandwa kwenye matuta, na mimi nayapalilia mpaka kufa. Nikaruka. Nikajichimbia katikati ya matenga ya kabichi, na gauni la harusi nimelivaa. Dereva alinigundua tumeshafika Morogoro, akapiga kelele akidhani ni mzuka.

Nyumbani sikuandika barua. Mwezi wa kwanza niliona aibu. Mwezi wa pili niliona aibu ya kutoandika mwezi wa kwanza. Mnajua hesabu hiyo inavyokwenda. Miaka mitano ikapita, nimepata kazi kiwandani, idara ya kufunga maboksi, na kanisani sikanyagi, maana niliona Mungu na mama yangu lazima wanazungumza.

Halafu nikamuua mama. Msishtuke. Nilimuua kwa maneno, kazini. Nilitaka siku tatu za kupumzika, msimamizi akasema ruhusa ni kwa mgonjwa au mfiwa, na mimi afya yangu ilikuwa njema ya kutisha. Basi nikaangusha kilio pale pale kwenye maboksi, "Mama yangu jamani!" Wenzangu walilia. Waliniletea unga, maharage, hata sukari, sukari jamani, ya kunifariji. Niliinywa na chai nikiwa nimejifungia chumbani. Mama yangu mzima, yuko juu kule anapalilia njegere, na mimi nakunywa matanga yake.

Ilikuwa hivyo mpaka Jumamosi moja ya Kwaresima. Natoka sokoni, kikapu kitupu, chupa ya mafuta ya kula tupu, hasira tele. Kupita ukuta wa misheni, naona foleni! Ndefu, imezunguka ua wa michongoma, inaelekea kwenye stoo ya nyuma. Na mawe yamo! Moyo ukaniruka. Misheni zilikuwa zinapata vitu kutoka nje: maziwa ya unga, nguo, mafuta yenye rangi nzuri ya dhahabu. Nikasimama mwisho haraka kabla mwanamke mmoja mnene hajanifikia.

"Ndugu, wanatoa nini?" nikamnong'oneza bibi aliye mbele yangu.

Akanitazama kwa huruma. "Padre yuko ndani, mwanangu. Umejitayarisha?"

"Nimejitayarisha, bibi." Nikamwonyesha chupa.

Akaitazama chupa, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeona imani kubwa. Baadaye nilielewa kwamba alidhani nimekuja kuomba na maji ya baraka.

Lakini foleni yenyewe ilinitia wasiwasi. Watu hawagombani. Hakuna matusi, hakuna kusukumana, wengine wanasogeza midomo bila sauti. Nikasema, hawa wanakariri idadi wanayotaka. Na waliotoka stooni walitoka mikono mitupu! Kikapu hakuna, kifurushi hakuna, lakini nyuso zinang'aa. Mzee mmoja alitoka anafuta machozi na kucheka hapo hapo. Nikajua tu. Wameficha ndani ya nguo. Kitu chenyewe ni kidogo na cha thamani, labda betri, labda viwembe. Walanguzi hawa, na Kwaresima yote hii!

Saa tatu baadaye zamu yangu ikafika. Ndani giza, kiti kimoja, na dirisha dogo lenye pazia. Pazia! Nikasema hawa wamezidi, hata sura ya muuzaji hatuoneshwi.

"Tumsifu Yesu Kristo," sauti ya mzee ikasema nyuma ya pazia.

"Milele, amina. Shikamoo."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Kilo mbili, kama inawezekana. Na chupa hii mnijazie." Nikaipitisha chini ya pazia.

Chupa ikarudi, polepole.

"Kilo mbili za nini?"

"Za hicho kinachotolewa."

"Mwanangu, kinachotolewa hapa ni maondoleo ya dhambi. Kanisani wanapaka chokaa, ndiyo maana tunaungamisha stoo."

"Na sukari?"

"Sukari hatuna."

"Mafuta?"

"Hatuna."

"Basi si mngeandika nje!" nikafoka. "Saa tatu nimesimama! Saa tatu!"

Nikanyanyuka niende zangu. Lakini kama nilivyosema, mimi kwenye foleni sina mchezo. Tangu nizaliwe sijawahi kufika dirishani nikaondoka bure, hata pampu ya baiskeli nilibeba. Nikakaa tena.

"Haya," nikasema kwa hasira. "Ngapi kwa mtu mmoja?"

"Ngapi nini?"

"Hizo dhambi. Mnaondoa ngapi kwa kila mtu?"

"Zote," akasema.

"Zote?"

"Zote ulizo nazo."

"Hakuna mgawo?"

"Hakuna mgawo."

Jamani, nyinyi hamwezi kujua neno hilo lilivyosikika masikioni mwa mtu wa miaka ile. Kila kitu kilikuwa kwa mgawo. Chumvi mgawo, kiberiti mgawo, hata mazishi sanda ilitafutwa kwa kibali. Na huyu mzee anasema zote, bila hata kuomba kadi. Nilihisi kitu kinaachia kifuani, nikakasirika zaidi, maana sikupenda kulia mbele ya watu.

"Halafu," sauti ikaendelea, na sasa niliisikia ile lafudhi ya milimani kwetu, "huku kufoka nakujua. Wewe si yule wa kabichi?"

Mungu wangu! Alikuwa padre wetu wa Mgeta, yule yule aliyeuliza vipingamizi Jumapili tatu, amekuja mjini kusaidia maungamo ya Kwaresima. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na chupa.

"Ndiye," nikasema kwa sauti ya panya.

"Nilisimama altareni saa mbili nzima siku ile," akasema. "Haya, endelea."

Basi nikaanza. "Padre, nimemuua mama yangu."

Kiti kililia upande wa pili. "Umemuua!"

"Kwa maneno tu, padre. Kazini. Nilitaka ruhusa. Baadaye nikamuua na bibi yangu, lakini huyo alikuwa ameshakufa kweli, kwa hiyo sijui kama anahesabika."

Pazia likatikisika. Hadi leo naapa alikuwa anacheka. Lakini nilipofika kwenye ile sukari ya matanga, sikuweza tena kusema vizuri, nililia kwa kwikwi mpaka yule mwanamke mnene wa nje akakohoa kunionya. Nilimlilia mama yangu mzima kuliko nilivyolia siku niliyomfisha. Padre aliningoja. Kisha akanisomea maondoleo, pale pale, kati ya magunia matupu na ngazi ya wapaka chokaa.

"Malipizi yako," akasema, "panda nyumbani kabla ya Pasaka ukamwombe mama yako msamaha."

"Padre, nipe rozari kumi."

"Hapana."

"Ishirini, na nifagie kanisa mwaka mzima."

"Binti, hapa si sokoni."

"Mama atanifukuza! Humjui?"

"Namjua sana," akasema, na sauti yake ikawa nyingine kidogo. "Nenda. Na usiende gizani kama mwizi. Nenda mchana, watu wakuone."

"Nisipoweza, dhambi zinarudi?"

"Umeshasamehewa, mwanangu. Hupandi ili usamehewe. Unapanda kwa kuwa umesamehewa. Haya, toka, watu wamepanga foleni."

Nikatoka mikono mitupu, macho mekundu, nimetabasamu kama mjinga. Yule mwanamke mnene aliyekuwa nyuma yangu akanishika mkono, "Dada, wanatoa nini?" Nikamwambia, "Zote." Akaingia mbio.

Jumamosi Kuu asubuhi nilipanda lori lililokuwa linarudi juu na matenga matupu. Nilibeba mche wa sabuni nilioupata kwa taabu, na njia nzima nilikariri hotuba. "Mama, nimekukosea wewe na nimemkosea Mungu. Sistahili." Nilikuwa naifanyia mazoezi kwa sauti, tenga la jirani likiitikia kila tukiruka shimo. Nilichoogopa kilikuwa kimoja tu. Msamaha wa Mungu nilikuwa nao, sawa, lakini Mungu sikumpikisha wali sufuria tatu. Mama akinigeuzia mgongo mbele ya watu, sina nyumbani tena duniani.

Lori likaishia barabarani, nikapanda kwa mguu. Nikapinda kona ya mwisho, na nini naona? Foleni! Sukari ya Pasaka imefika duka la kijiji. Kijiji kizima kimesimama mstari mmoja, kila niliyemwaibisha, wamepangwa vizuri kabisa kama gwaride la kunipokea. Na mama yuko mbele kule, karibu na mlango wa duka.

Kwetu huwezi kumpita mzee bila kumwamkia, hata kama unakimbia simba. Basi nikaanza toka mwisho. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba. Wazee arobaini na kitu! Wengine waliitikia wakiwa na macho yamewatoka. Kijana niliyemkimbia alikuwepo, ana mke na mtoto mnono mgongoni kwa mkewe, akanisalimia kwa upole ule ule ulioniudhi zamani. Wa mwisho kabla ya mama alikuwa mama yake huyo kijana, aliyetakiwa kuwa mama mkwe wangu. Nikampa shikamoo kwa magoti. Akanitazama. Akatazama mbali, mlimani. Akapiga chafya. Akajifuta. Nadhani mawingu mawili yalipita. Ndipo akasema, "Marahaba," na akaisema kama mtu anayetema kokwa.

Nikamgeukia mama. Alikuwa amenipa mgongo, mfupi vile vile, kikapu mkononi, hakugeuka. Nikapiga magoti topeni.

"Mama, nimekukosea wewe na nimemkosea—"

"Umekula?"

"Sijala. Mama, sistahili—"

"Nimeona. Shingo imekuwa kama ya kuku mgonjwa." Bado hakugeuka, akahamishia kikapu mkono wa pili.

"Mama, nilikuua!"

Foleni yote ikanyoosha shingo. Ndipo akageuka. Nikamweleza yote, ruhusa, maboksi, unga, maharage, sukari, kijiji kizima kikisikiliza bila haya. Nilipomaliza aliweka kikapu chini.

"Walilia?" akauliza.

"Walilia, mama."

"Sana?"

"Mama mmoja wa idara yetu alianguka akazimia."

Mama akatikisa kichwa, ameridhika kabisa. "Huyo utampelekea njegere." Kisha midomo ikamcheza, akaangalia chini. "Haya, inuka. Unachafua gauni. Simama mahali pako, watu wanangoja."

"Mahali pangu wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya miguu yake kulikuwa na jiwe lake jeupe la mtoni, nililijua tangu utotoni. Na nyuma ya hilo, la pili. Jekundu, bapa, limemeguka pembeni. Lilikuwa jiwe langu. Nilikuwa nalipondea pilipili nikiwa mtoto, na nililimegua mwenyewe kwa hasira siku niliyokatazwa kwenda ngomani.

"Usishangae," akasema yule aliyetakiwa kuwa mkwe wangu, akizungumza na hewa, sio na mimi. "Miaka mitano mama yako anakuja na mawe mawili. Balozi wa nyumba kumi alitaka kukufuta kwenye orodha, akafukuzwa kwa mwiko. Muuza duka akamwambia jiwe halinywi chai, akampimia sukari ya mtu mmoja. Kila mgawo, sukari ya mtu mmoja. Na kila mgawo huyu anarudi na mawe mawili. Ukimuuliza, anasema nini? 'Mwanangu ametoka kidogo.' Miaka mitano! Na nyumba zetu zinafuatana, nani anakuwa nyuma ya jiwe lako? Mimi! Mimi ndiye wa kulisukuma kwa mguu! Kidole hiki hapa kina sugu."

Akanionyesha kidole. Kweli kilikuwa na sugu.

Hotuba yangu yote ilikuwa imebaki kwenye lori. Nikaenda nikasimama pale kwenye jiwe jekundu, kati ya wanawake wawili niliowaacha na sufuria tatu za wali, na mama akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika kidole kimoja, akakibana.

Wakati huo huo akaja mwalimu wa shule, kijana mgeni, ameletwa na serikali kutoka mikoa ya ziwa, hanijui simjui. Alikuwa ameacha daftari lake kama jiwe nyuma kidogo yetu. Akahesabu watu, akaona mmoja amezidi. Akanyoosha kidole moja kwa moja kwangu.

"Ndugu, foleni! Huyu dada ametokea wapi? Tumekuwa hapa tangu asubuhi!"

Nikaona aibu, nikainua mguu nitoke. Mama akafungua mdomo. Lakini yule wa nyuma yangu alimwahi. Alijipanga, akashika kiuno, akamgeukia mwalimu na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa mara ya pili.

"Huyu alikuwepo, mwalimu," akasema. "Alitoka kidogo tu."